Saa Niliyomchagulia Baba Yako

Nekesa,

Sitaanza kwa kukuuliza hali. Hali yako naijua. Nimesikia ulivyobamiza mlango, na nimesikia ulivyomwambia baba yako ati huna njaa, wewe ambaye hujawahi kukataa ugali kwa kuku tangu uote meno. Kesho asubuhi unapanda gari la Kitale, na kutoka huko uende Lodwar kuanza kazi, na tangu tutoke dukani mchana hujanitazama usoni. Basi nakuandikia. Mdomo wangu unaujua, nikija hapo mlangoni kwako tutagombana tena.

Mambo ya kuchemsha maji na kulala ndani ya neti sikuandikii. Wewe ndiye muuguzi, hayo utanifundisha wewe. Wala sikuandikii habari za kanisa na kuchagua marafiki. Umekua. Nataka tuongee juu ya ile saa, na baada ya hapo unaweza kunikasirikia vizuri, ukijua unachokasirikia.

Mwenye duka alikuwa amekupangia saa juu ya kioo, za duara, za plastiki, zile za kuwaka taa gizani. Zote ukazisukuma kando kwa kidole. Ukachukua ile ya mraba. Uso mweupe, namba za Kirumi, mishale myembamba ya buluu, rangi ya dhahabu pembe zote nne, mkanda wa ngozi nyeusi. Saa ya kuvaliwa na waziri. Mwenye duka akasema ni orijino kutoka Dubai, na wewe ukacheka kwa furaha, ukaniwekea kwenye kiganja ukasema, "Mama, Ndiwa akivaa hii, hata baba mdogo Simiyu atanyamaza."

Hapo ndipo nilipokuambia urudishe hiyo takataka ya watu. Nilisema kwa sauti, nikijua watu wanasikia, nikatoka nje nikakuacha umesimama umekunja mkono kana kwamba umeungua. Nilikuona kupitia kioo. Nilitaka kurudi na sikurudi.

Sasa sikiliza ni kwa nini.

Hiyo saa mimi nilishainunua. Si hiyo yenyewe, lakini kama hiyo, mraba, namba za Kirumi, dhahabu ya kupakwa. Niliinunua Kitale kabla hujazaliwa, na nilimnunulia mwanamume kwa sababu ileile unayomnunulia mchumba wako Ndiwa, ili watu wa kwetu wamwone mtu. Na ilitukula, Nekesa. Ilikula ng'ombe, ikala shamba, na sisi wawili haikutubakisha salama. Wewe umekulia ndani ya hayo makombo na umefikiri ndiyo maisha yalivyo.

Nilikuwa fundi wa nguo wakati huo, nimepanga chumba karibu na Kipsongo. Kwetu kulikuwa ni kule shambani, saa moja kwa miguu kutoka mjini, ambako baba yangu alinunua ardhi alipokuja kutoka Nyeri. Baba yako alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, bado hajasomea ualimu, wa kuandikishwa tu. Alileta suruali nimpandishie pindo. Akarudi na nyingine. Ya tatu haikuwa na kasoro yoyote, nikamwambia hivyo, akasema anajua.

Nikampenda kwa hilo. Nataka ujue kwamba nilimpenda, maana ukitutazama leo ungefikiri tulikutanishwa na chifu.

Baba yangu hakumtaka. Mtu wa Bungoma, mtu wa mahindi ya Tongaren, halafu mwalimu. "Atakulisha nini, chaki?" Alisema hivyo mbele ya dada zangu wakacheka hadi wakashika meza, kwa sababu waume zao walikuwa na malori. Na baba yangu, guka yako, Mungu amrehemu, alikuwa na tabia moja ambayo sisi wote nyumbani tuliijua. Mgeni akiingia, kabla ya kumpa mkono alimtazama kwanza mkono wenyewe. Alifanya kazi kwa mzungu miaka mingi na alitoka huko na imani kwamba mtu asiye na saa hana mahali anapongojewa. Baba yako hakuwa na saa. Alikuwa akiangalia jua, ama anauliza.

Alipokubaliwa kuleta wazee wake nikaamua kwamba siku hiyo hataingia kwetu na mkono mtupu. Nilimwambia nataka kumnunulia saa, achague. Alifurahi sana. Tulipitia madirisha ya maduka Kitale, na unajua alichotaka? Ya duara. Kubwa, namba za kawaida, moja hadi kumi na mbili, zinazosomeka. Alisema ataitumia kufundishia, atawapitishia watoto wa darasa la pili mkononi wajifunze kusoma saa, kwa sababu shule yao haikuwa na hata moja ukutani. Nikamwambia hiyo ni saa ya karani wa ghala. Akasema, lakini mimi ni mwalimu, si ndiyo karibu sawa? Alikuwa anatania. Mimi sikuwa nataniana na mtu. Nilikuwa nachagua kwa macho ya baba yangu, na kwa macho ya dada zangu, na mkono wenyewe uliokuwa hapo kando yangu sikuutazama.

Nikarudi peke yangu siku nyingine. Kulikuwa na kijana mmoja aliyetandaza saa barazani mwa duka la vitambaa, chini, juu ya gunia. Ile ya mraba ilikuwa katikati. Sikudanganywa, Nekesa. Usiniwazie hivyo, singependa unihurumie kwa kitu ambacho hakikutokea. Yule kijana aliniambia mwenyewe, waziwazi, "Dada, hii si yenyewe, hii ni ndugu yake." Nikacheka nikalipa. Baba yako nikampa ndani ya kisanduku nilichokishonea kitambaa chekundu, nikamwambia ni dhahabu, nimeitoa duka kubwa, nimeweka akiba muda mrefu. Aliigeuza, akaitazama mgongoni, akaitazama tena usoni. Akasema, "Asante. Ni nzuri sana." Akaivaa.

Siku ya wazee walikuja na pikapu ya kukodi kutoka Tongaren, babu yako mzaa baba mbele na koti lake la vita, wengine nyuma wameshika kofia. Sasa unajua mambo ya posa yalivyo, kwetu na kwa akina baba yako pia. Kijana hasemi. Wazee ndio wanaosema, wanazunguka, wanatafuta ua walilosikia limechanua hapo, wanatafuta ndama aliyepotea. Kijana anakaa tu kwenye benchi na mikono magotini, macho chini, na kazi yake ni kutazamwa. Na baba yako alikaa hivyo, na kwenye goti lake la kushoto ilikuwa inang'aa saa ya mraba.

Mimi nilikuwa jikoni na wanawake. Kati ya jikoni na sebule kulikuwa na ukuta wa mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimekauka zikaachana, ukitaka kusikia unasikia. Tulikuwa tunaponda irio. Mazungumzo yalikuwa yanaenda vizuri kabisa. Baba yangu alikuwa ameshataja alichofikiria kutaja, nami nilikijua, tulikuwa tumekisikia nyumbani, kilikuwa ni kile ambacho mtu wa kawaida anaweza kukibeba. Kisha nikamsikia baba yangu mdogo, Njoroge, akiomba wageni wanawe mikono kwanza. Chakula hakikuwa tayari. Nikashangaa.

Tata Wambui, dada yake baba yangu, ndiye aliyekuwa anaingia na birika na karai. Alirudi jikoni na maji bado yamejaa. Akanisogelea karibu sana.

"Njoroge anauliza. Saa ya huyo kijana ni dhahabu kweli, ama ni ya barazani?"

Hivyo tu. Dada zangu wote wawili waliacha kuponda. Walikuwa wananitazama na ule mcheko wao wa chaki bado uko pembeni mwa midomo.

Nekesa, ningeweza kusema kwa kunong'ona. Tata alikuwa mtu wangu, alinilea, angeenda akamwambia Njoroge kitu chochote nilichomwambia na asingemwaibisha mtu. Ningeweza kusema sijui. Hata kusema sijui kungetosha. Lakini nilisimama wima na mwiko mkononi nikasema kwa sauti ya kufika nyuma ya nyumba kwamba ni ya kweli, ni dhahabu, ameinunua Nairobi. Tata akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Akaenda.

Walichokitaja baada ya hapo sitakuandikia idadi yake. Haikuwahi kutajwa katika kijiji kile, hata kwa wale wenye malori. Njoroge alisema kwa heshima tele kwamba kijana anayevaa dhahabu akienda kufundisha watoto, nyumbani kwao lazima zizi limefurika, na wao hawawezi kulidharau zizi kama hilo kwa kuomba kidogo. Wazee wa Tongaren waliomba ruhusa, wakatoka nje, wakaenda kusimama nyuma ya ghala la mahindi. Niliwaona kupitia mlango wa jikoni. Babu yako alikuwa ameshika kiuno. Angeweza kukataa akarudi kwao. Lakini alikuwa amekuja na majirani zake wawili, na mtu haombi kupunguziwa mbele ya majirani, hasa kwa watu waliokwisha kumdharau mwanawe. Wakarudi ndani, akasema wamesikia.

Nami nilipiga vigelegele. Ndiyo, nilipiga. Nilifikiri nimeheshimiwa.

Ng'ombe wa boma la babu yako hawakuwa wa baba yako. Unajua wanavyofanya kwao. Ng'ombe wa nyumbani wanaozesha watoto wa kiume kwa zamu, huyu akimaliza wanangojewa wazaane, halafu yule. Baada ya baba yako ilikuwa zamu ya Simiyu. Simiyu alikuwa na msichana wake kule Kapsokwony, walikuwa wameshaelewana, anamngoja. Ng'ombe wakaja kwetu karibu wote, na waliobaki wakaja mwaka uliofuata. Msichana wa Simiyu akaolewa na mtu mwingine. Unapomwona baba yako mdogo anakunywa na kunitukana kwenye matanga, mimi hujibu kwa ukali kwa sababu ni tabia yangu, lakini simlaumu. Alioa amezeeka, alioa yule aliyepatikana.

Na babu yako, mtu wa haki, alimwita baba yako akamwambia kwamba amekula sehemu yake na ya ndugu yake, kwa hiyo kipande chake cha shamba pale Tongaren kitaenda kwa Simiyu. Baba yako akakubali. Hakubishana hata kidogo. Aliporudi aliniambia kama mtu anayesema mvua itanyesha. Ndiyo maana sisi tunaishi hapa Bungoma kwenye nyumba za watu, tunahama kila mwenye nyumba akipandisha. Ndiyo maana wenzako walikuwa wakienda ushago, kwao kijijini, Krismasi na wewe unaniuliza ushago wetu uko wapi, nami nakuambia kula.

Saa yenyewe haikumaliza hata misimu miwili ya mvua. Dhahabu ilianza kutoka pembeni, chini yake kukaonekana kitu cha kijivu, halafu cha kahawia. Mkanda ukaoza nikamshonea mwingine. Na baba yako akaendelea kuivaa. Kila asubuhi, mbele yangu, anakunja mkono wa shati, anafunga saa, ananitazama, anaenda. Nilifikiri ananipenda sana. Halafu nikaanza kufikiri ni mjinga, kweli mtu anaona dhahabu inaota kutu na haulizi? Mungu anisamehe, niliishi na huyo mtu nikimdharau kidogo, kwa kutogundua uongo wangu mwenyewe.

Hata wewe uligundua. Ulikuwa umeanza shule, umekaa magotini pake, ukamuuliza mbona saa ya baba ina kutu. Akasema, "Muulize mama yako." Hukuwahi hata kufungua mdomo, nilikuambia ukalete kuni. Unakumbuka? Nadhani hukumbuki. Hapakuwa hata na haja ya kuni, tulikuwa tunapikia makaa.

Sasa nikuambie kilichobaki, hiki hakijui mtu.

Babu yako alipokufa ulikuwa kidato cha pili. Baada ya maziko tukakaa pale kwa siku ya kunyolewa, ile siku jamaa wote wanakaa chini, mambo ya marehemu yanasemwa na mali yake inagawanywa mbele ya watu. Kila mtoto wa kiume akasimama akaonyeshwa chake. Baba yako aliposimama, Simiyu akasema, bila hata kuinuka, kwamba huyu alishakula chake, kilitoka Kitale na sasa kinashona nguo. Watu walicheka. Wazee wengine walitazama chini. Baba yako alibaki amesimama kidogo, kisha akakaa, akaanza kukwangua tope kwenye kiatu chake.

Tukaondoka kwa miguu kwenda barabarani kutafuta gari. Wewe ulikuwa mbele na binamu zako. Na mimi, baada ya miaka yote hiyo, nikashindwa kujizuia. Nikamwambia. Nikamwambia ile saa haikuwa dhahabu, niliinunua juu ya gunia, na Tata aliniuliza nami nikasema ni ya kweli. Nilikuwa nalia. Nilingoja anipige, ingawa hajawahi. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejitayarisha.

Akasema, "Nilijua."

Alikuwa akipita ile baraza kila siku akienda shule. Zile saa alishaziuliza bei yeye mwenyewe kabla yangu. Alipofungua kisanduku changu aliijua papo hapo. Na siku ya posa, pale kwenye benchi, mikono magotini, ukuta wa mbao ulikuwa nyuma ya kichwa chake. Alimsikia Tata akiniuliza. Alinisikia nikijibu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu, kwa nini aliacha ng'ombe wa kwao waende hivyo. Akaniambia angesema vipi? Angenifanya mwongo mbele ya baba yangu, kabla hata hajanioa. Kisha akasimama, jambo ambalo halifanyi akitembea, akanitazama.

"Nilikuwa nangoja wewe uniambie. Hata usiku uleule ungeniambia, tungecheka, na mengine tungeyabeba. Nilivaa kile kitu kila siku nikingoja. Baadaye nikachoka."

Akaanza kutembea. Sikumfikia tena mpaka barabarani, na huko kulikuwa na watu.

Ile saa sijaiona tena tangu wiki hiyo. Sijui aliipeleka wapi na sina uso wa kumuuliza.

Kwa hivyo uliponiwekea mkononi ile ya mraba leo, na ukataja jina la Simiyu na furaha yote hiyo usoni, niliona kiza. Hiyo saa ni feki, mama. Nyepesi, kioo ni plastiki, ukiitikisa kuna kitu ndani kinacheza. Yenyewe haiji Bungoma, na ikija hailali kwenye duka lililo kati ya muuza simu na muuza mitumba. Lakini si hilo lililonitia wazimu. Ni nzuri, nakubali. Jicho lako ni langu, ungenionyesha mimi nikiwa na umri wako ningechagua hiyohiyo.

Fikiria Desemba. Ndiwa na wazee wake watashuka kutoka mlimani waje hapa. Analima viazi na ana pikipiki moja, na ni kijana mzuri, mimi nimemtazama, ana ule upole wa baba yako wa zamani. Mbele yake atakaa nani? Simiyu. Baba yako hana shamba, kwa hiyo katika ukoo hana sauti ndefu, na Simiyu ameshasema hata kanisani kwamba ng'ombe walioenda Kitale watarudi wakitokea mlimani. Anakungoja wewe, Nekesa. Amekungoja tangu kabla hujazaliwa. Halafu wewe unataka kumkalisha Ndiwa pale na dhahabu gotini.

Na watamtuma senge yako, dada ya baba yako, jikoni. Atakuja na birika, atakuuliza pembeni, kwa upole, kama ile ni ya kweli. Utakuwa na wasichana wenzako, na binamu zako wa Tongaren ambao wanasema unaolewa na mtu wa viazi. Nitakuwa pale pia, nitakuwa nimekupa kisogo nageuza nyama, nitasikia. Na ng'ambo ya ukuta baba yako atakuwa anasikia.

Sikuambii usinunue. Pesa ni zako, duka liko hapo stendi na linafunguliwa mapema, na moyo wako mimi siwezi kuuendea. Ukiitaka, ipitie. Lakini mpe Ndiwa ukimwambia ni nini. Mwambie, hii si yenyewe, ni ndugu yake, nimeipenda tu. Akicheka, umepata mume. Asipocheka, akitaka watu waamini ni dhahabu, basi pia umejua kitu, na umekijua kabla ya ng'ombe. Na muulize yeye mwenyewe anapenda saa gani. Mimi sikuuliza mara ya pili. Pengine atakuambia hataki saa, siku hizi si kila mtu anaangalia kwa simu.

Utanisamehe yale ya dukani. Najua sikuwahi kukuomba msamaha, unaweza kuihesabu hii.

Kitu kimoja bado, kisha nikuache ulale. Umewahi kuniuliza kwa nini baba hanisemeshi mimi. Ulifikiri ni yeye. Si yeye. Tangu ile siku ya barabarani yeye angeongea, amejaribu, huja anasimama hapo karibu na cherehani anasema kitu cha redio, cha mvua, anangoja. Ni mimi ambaye siwezi kumtazama machoni. Kwa hiyo nimekutumia wewe. Mwambie baba yako maji ya kuoga yako tayari. Muulize baba yako atarudi saa ngapi. Miaka yote hii umekuwa ukibeba maneno yangu kutoka jikoni hadi sebuleni, hatua kidogo tu, na hukuwahi kulalamika, nilikuwa nasema ni heshima uliyofundishwa. Kesho utakuwa Lodwar. Jioni nitapika, nitapakua sahani mbili, na hakutakuwa na mtu wa kumtuma. Itabidi nitembee mpaka mlangoni pake, nimwite kwa jina lake, na baada ya kumwambia chakula kiko tayari sijui kabisa nitasema nini.

Mama yako